Chunjua Zisizo na Haraka

Mwaka 1954 madaktari watatu wa Marekani, Barrett, Silbar na McGinley, walichapisha taarifa fupi kuhusu wanawake 24 waliokuwa na chunjua sehemu za siri. Waume wa wanawake hao wote walikuwa wanajeshi waliorejea karibuni kutoka Korea, nao walikuwa na chunjua kwenye uume au walikuwa wamezipata siku si nyingi kabla. Wake walianza kuziona zao wiki nne hadi sita baada ya bwana kufika nyumbani. Kabla ya hapo walikuwapo matabibu walioamini kwamba vinyama hivi, ambavyo Watanzania wengi huviita masundosundo, vinaletwa na uchafu, jasho, au usaha wa kisonono unaowasha ngozi. Baada ya taarifa ile ikawa vigumu kukana kwamba ni ugonjwa unaopita kati ya watu wawili wanaolala pamoja.

Mimi hunivutia zile wiki nne hadi sita. Mwanamume aliyeambukizwa kisonono huanza kusikia maumivu ya mkojo ndani ya siku chache. Mafua hayasubiri hata hizo. Mbona chunjua zinachukua mwezi na zaidi kuchomoza, kisha zikichomoza hazitaki kuondoka, na zikiondoka zinarudi? Mgonjwa anayemuuliza daktari "zitakaa muda gani?" anauliza swali halali, lakini jibu lake halianzii kwenye dawa. Linaanzia kwenye ngozi.

Ngozi ya juu ya mwili ni seli zilizolaliana tabaka juu ya tabaka. Damu haifiki humo. Mishipa midogo inaishia chini yake. Tabaka la chini kabisa ndilo linalozaa: seli zake hujigawa, moja ikabaki pale pale kuendelea kuzaa, mwenziwe akasukumwa juu. Ile inayopanda huacha kujigawa. Hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hubapa, hupoteza kiini chake, na inapofika juu imeshakufa na iko tayari kudondoka. Ukijisugua kwa dodoki, unachokitoa ni hicho. Safari nzima, toka chini hadi kudondoka, huchukua takriban mwezi mmoja. Kwenye utando laini wa uke au ndani ya govi mpangilio ni huohuo, ila keratini ni kidogo na mwendo ni wa kasi zaidi.

Sasa tumlete mgeni. HPV, kirusi cha papiloma ya binadamu, ni kidogo hata tukikipima miongoni mwa virusi wenzake: upana wake ni nanomita 55 hivi, kwa hiyo virusi 18,000 vikipangwa mstari mmoja ndiyo milimita moja inatimia. Ndani ya gamba lake mna duara moja la DNA lenye herufi zipatazo 8,000. Yetu sisi ina bilioni tatu. Kwa herufi 8,000 haiwezekani kubeba maelekezo ya kila kifaa kinachohitajika ili kunakili DNA, na HPV haijihangaishi kuvibeba. Inatumia vya seli. Lakini seli huwa na vifaa hivyo vikiwa kazini pale tu inapojigawa, na tumeshaona kwamba seli zinazojigawa ziko chini kabisa. Hivyo kirusi kikitua juu ya ngozi nzima isiyo na mchubuko, hakina la kufanya. Kinahitaji ufa wa kukifikisha chini. Msuguano wa tendo la ndoa hutengeneza michubuko midogo isiyoonekana kwa macho wala kuuma, na hiyo inatosha.

Kikishaingia kwenye seli ya chini, kinatulia. Hujinakili mara hamsini, mia hivi, basi. Seli inapojigawa, nakala hugawanywa pamoja na mali nyingine, na ile seli inayopanda juu hupanda nazo. Hapo kinatokea kikwazo: seli inayopanda ingepaswa kufunga karakana yake ya kunakili. Kirusi hakikubali. Kina protini mbili ambazo kazi yake ni kuizuia seli isistaafu, iendelee kuwa katika hali ya kujigawa hata ilipokwisha kupita umri wa kufanya hivyo. Seli ambazo zingebapa na kudondoka zinabaki nene na zinaongezeka. Ngozi inavimba kwenda juu, inajikunja, inafanya kichuguu chenye uso kama ua la koliflawa. Hicho kichuguu ndicho chunjua. Ni ngozi ya mwenyewe iliyokatazwa kuzeeka kwa wakati wake.

Ni pale juu kabisa, ndani ya seli zilizobakiza siku chache kudondoka, ndipo kirusi hujinakili kwa maelfu na kuunda magamba ya kujifungia. Hakipasui seli ili kitoke. Hakina haja, maana seli inadondoka yenyewe. Kimedandia gari ambalo tayari lilikuwa linakwenda kule kinakotaka kufika.

Kutokana na maelezo hayo mambo mengi yanafunguka. Ule mwezi na zaidi wa kungoja ni muda wa kirusi kujipanga chini, kupanda na mwendo wa ngozi, na seli za ziada kurundikana mpaka jicho lione. Tena utasikia watu, hata wauguzi, wakisema chunjua ina mizizi na mizizi isipong'olewa itaota tena. Haina. Imo yote ndani ya ngozi ya juu na haivuki kwenda chini kwenye nyama. Anayechimba kwa kiwembe akitafuta mzizi anajitia kovu bure, na kwa kuwa kila mkato ni mlango mpya, huenda akapanda chunjua nyingine pembeni. Kunyoa nywele za siri kwa wembe wakati chunjua zipo kuna hatari hiyo hiyo.

Mwaka 1971 daktari J. D. Oriel wa London alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wenzi wa watu wenye chunjua. Karibu theluthi mbili ya wenzi hao nao waliota. Muda kati ya kukutana na kuota ulikuwa wastani wa miezi 2.8, aliyewahi zaidi alichukua wiki tatu, aliyechelewa zaidi miezi minane. Ukizisoma namba hizo vizuri utaona kitu kinachopaswa kusemwa katika kila chumba cha ushauri. Kama wawili walioambukizwa kwa namna moja wanaweza kuachana kwa miezi saba katika kuota, basi siku ya kuota haisemi lolote la uhakika kuhusu siku ya kuambukizwa. Na hao ni walioota. Watu wengi wanaopata HPV hawaoti kitu kamwe; kirusi kinakaa kwenye ngozi iliyo laini machoni, kinadondoka na seli zake, kinampata mwenzi. Isitoshe, kinaweza kulala ndani ya seli za chini kwa miaka bila kujinakili sana, kisha kikaamka.

Mke aliyeota chunjua leo huenda alipata kirusi miezi mitatu iliyopita, au mwaka juzi, au kabla hajaolewa. Mume ambaye ngozi yake haina hata kipele huenda ndiye aliyekuwa nacho, na huenda siye. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kuisoma tarehe hiyo. Ndoa zinavunjwa, mabegi yanatupwa nje, wazee wa pande mbili wanaitwa kikao, na ushahidi wote uliopo mezani ni kinyama ambacho kisayansi hakiwezi kusimama kizimbani. Simtetei aliyechepuka. Nasema tu kwamba chunjua siyo shahidi wake.

Zipo aina zaidi ya 200 za HPV, na takriban 40 hupenda ngozi ya sehemu za siri. Aina namba 6 na namba 11 ndizo zinazosababisha karibu asilimia 90 ya chunjua tunazozizungumzia. Aina 16 na 18 hazioteshi vinyama vya namna hii, lakini ndizo zilizo nyuma ya takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Utengano huu uligunduliwa kwa njia ya kukatisha tamaa. Mjerumani Harald zur Hausen alishuku kwamba kirusi cha chunjua ndicho kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Yeye na wenzake waliipata aina 6 ndani ya chunjua, wakaenda kuitafuta kwenye saratani, na kwenye saratani haikuwamo. Badala ya kuacha, waliendelea kutafuta ndugu zake, na mwaka 1983 wakaikuta aina 16. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwa mgonjwa maana yake ni kwamba chunjua za kawaida hazigeuki saratani. Hata hivyo anayepata aina moja kwa njia ya zinaa anaweza kuwa na nyingine pamoja nayo, kwa hiyo mwanamke aendelee na uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa ratiba ile ile inayowahusu wanawake wote, bila hofu ya ziada na bila kuuruka.

Tukirudi kwenye muda, kuna jambo la tatu mbali na ngozi na kirusi: kinga ya mwili. Askari wa mwili huitwa na kelele. Seli zinazopasuka, sumu inayomwagika, kijidudu kinachoogelea kwenye damu, hayo ndiyo yanayowaamsha. HPV haipasui seli, haiingii kwenye damu, na sehemu zake zinazotambulika kwa urahisi, yaani magamba, hutengenezwa juu kabisa ambako askari hawapiti sana. Kinga inaweza kukaa miezi isijue kwamba kuna mgeni. Ikishajua, seli nyeupe za aina ya T humiminika chini ya chunjua, na chunjua husinyaa, wakati mwingine zote kwa pamoja ndani ya wiki chache, hata zile ambazo hazikupakwa kitu.

Ndiyo maana katika majaribio ya dawa, miongoni mwa waliopewa krimu tupu isiyo na dawa, huwapo waliopona wenyewe ndani ya miezi michache, na katika baadhi ya majaribio wamekaribia theluthi. Wengine hubaki vile vile, wengine huongezeka. Tukiacha vinyama na kukitazama kirusi chenyewe, takriban maambukizi tisa kati ya kumi ya HPV huwa hayaonekani tena kwenye vipimo ndani ya miaka miwili. Kutoonekana hakumaanishi lazima kwamba kimefutika chote. Mara nyingine kinga inakishikilia tu kisiinuke, na ushahidi wa hilo ni wale ambao kinga yao inalegea. Mtu mwenye VVU ambaye hajaanza dawa za kufubaza huota chunjua nyingi, kubwa, zisizosikia tiba. Aliyepandikizwa figo na kupewa dawa za kutuliza kinga huota zilizokuwa zimelala. Mjamzito huziona zikikua haraka, kisha zikisinyaa baada ya kujifungua.

Kabla ya kutibu, lazima ujue kwamba unachotibu ni chunjua. Si kila kinundu ni chunjua. Wanaume wengi wana safu ya vipele vidogo laini kuzunguka kichwa cha uume. Ni maumbile, viacheni. Hatari zaidi ni kaswende ya hatua ya pili, ambayo huweza kutoa vinundu bapa vyenye majimaji mahali pale pale. Vinundu hivyo vimejaa bakteria wa kaswende na vinapona kwa sindano ya penisilini, wala havijali dawa ya kupaka chunjua hata ukiimwaga chupa nzima. Kwa hiyo kipimo cha kaswende na cha VVU ni sehemu ya tiba ya chunjua, si adhabu. Kinundu kigumu, chenye kidonda, kinachotoa damu au kubadilika rangi kinastahili kukatwa kipande kipelekwe maabara. Kipimo cha HPV chenyewe hakisaidii kitu hapa. Jicho la tabibu mzoefu linatosha.

Sasa dawa. Sentensi moja iwekwe mbele ya zote: hakuna dawa iliyopo inayoua HPV ndani ya seli. Kila tiba tunayoitumia inaondoa ngozi iliyozidi au inaiamsha kinga. Tukilielewa hilo, orodha ndefu ya dawa inageuka kuwa njia chache tu za kufikiri.

Njia ya kwanza ni kuzinyima seli uwezo wa kujigawa, kwa kuwa chunjua ni seli zinazojigawa kupita kiasi. Kuna mmea wa misitu ya Amerika Kaskazini uitwao Podophyllum peltatum, ambao wenyeji wa kule waliutumia kama dawa ya kusafisha tumbo. Mwaka 1942 daktari Kaplan wa New Orleans aliripoti kwamba utomvu wa mizizi yake unakausha chunjua. Utomvu huo, podofilini, huvuruga nyuzi ambazo seli huzitumia kuvuta DNA pande mbili inapojigawa. Seli inakwama katikati ya kujigawa na kufa. Mpaka leo podofilini ya asilimia 10 hadi 25 imo katika vyumba vingi vya matibabu vya Afrika Mashariki kwa sababu ni rahisi kupatikana. Lakini ni dawa chafu, kwa maana kwamba nguvu yake hubadilika kati ya chupa na chupa, na inafyonzwa na ngozi. Mhudumu ndiye anayepaka, kidogo, juu ya chunjua tu, baada ya kukinga ngozi ya kando kwa mafuta ya mgando. Mgonjwa anaosha baada ya saa moja hadi nne. Anarudi baada ya wiki. Imewahi kuua watu waliopakwa eneo kubwa mno. Mjamzito haguswi nayo kabisa. Kiini chake kilichosafishwa, podofilotoksini ya asilimia 0.5, ni salama zaidi na mgonjwa hupaka mwenyewe nyumbani: mara mbili kwa siku kwa siku tatu, anapumzika siku nne, kisha anarudia, mizunguko isiyozidi minne. Hizo siku nne ni za lazima, maana ngozi yenye afya nayo hujigawa na inahitaji nafasi ya kujirudishia. Wapo wanaodhani kupaka wiki nzima kutaharakisha. Kinachoharakishwa ni kidonda.

Njia ya pili ni kuharibu tu, bila kuchagua. Asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 80 hadi 90 hugandisha protini za seli papo hapo, na chunjua hugeuka nyeupe mbele ya macho. Haifyonzwi mwilini, ndiyo sababu inafaa hata kwa wajawazito. Ila ni nyepesi kama maji na hutiririka, kwa hiyo mhudumu anayejua kazi huwa na magadi au sabuni karibu ya kuizima ikivuka mpaka. Naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hugandisha maji yaliyomo ndani ya seli. Chunjua hufanya lengelenge na kudondoka, na zoezi hurudiwa kila wiki moja au mbili. Si kila hospitali ya wilaya inayo, kwani huvukia hewani ikihifadhiwa vibaya. Kuunguza kwa umeme au kukata kwa mkasi chini ya ganzi huondoa zote kwa siku moja, na kwa mtu mwenye chunjua nyingi au kubwa hii mara nyingi ndiyo njia ya busara zaidi badala ya kumpakia dawa miezi mitatu. Moshi unaotoka wakati wa kuunguza umekutwa na DNA ya HPV, kwa hiyo barakoa na feni ya kunyonya moshi vinamhusu daktari mwenyewe.

Njia ya tatu ndiyo inayonipendeza kwa akili yake. Imikwimodi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, haina sumu kwa kirusi wala kwa seli ya chunjua. Inabonyeza kengele. Seli za kinga zina kipokezi kinachotambua chembe za virusi. Imikwimodi inakishika kipokezi hicho na kusababisha mwili kutoa interferoni, kemikali ya tahadhari, kana kwamba umevamiwa. Yaani kelele ambayo HPV ilikwepa kuipiga, dawa inaipiga kwa niaba yake. Hupakwa usiku, siku tatu kwa wiki, ikaoshwa asubuhi, hadi wiki 16. Ngozi kuwa nyekundu na kuwasha si mzio, ni ishara kwamba askari wamefika. Katika jaribio moja kubwa la krimu ya asilimia 5, asilimia 72 ya wanawake walisafika kabisa, lakini kwa wanaume ni asilimia 33 tu. Tofauti hiyo inaeleweka ukikumbuka keratini: ngozi ya shina la uume ni kavu na nene kuliko ya wanawake, dawa inapenya kwa shida. Kwa sababu hiyo hiyo chunjua laini zenye unyevu hupokea dawa za kupaka vizuri, na zile kavu ngumu huitikia zaidi baridi, moto au mkasi. Ipo pia marhamu iliyotengenezwa kwa majani ya chai ya kijani, hupakwa mara tatu kwa siku. Ni ghali, na sidhani kama wengi wetu tutaikuta katika duka la dawa la mtaani.

Maji ya betri, vitunguu swaumu vilivyopondwa, na dawa za kung'oa sugu za miguuni havimo katika njia hizi tatu, ingawa huuzwa na kushauriwa kwa kujiamini. Vinaunguza ngozi nzima pamoja na chunjua.

Basi muda wa tiba ni upi? Kwa wengi ni mwezi mmoja hadi mitatu, kwa wengine nusu mwaka. Kama wiki nne au tano zimepita na dawa ya kupaka haijapunguza hata nusu, hakuna sababu ya kuendelea nayo kwa ukaidi, ibadilishwe. Imikwimodi peke yake ndiyo inayostahili subira zaidi, maana inategemea mwili ujifunze. Baada ya kusafika, takriban robo hadi theluthi ya wagonjwa, mara nyingine zaidi, huziona tena, na hasa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Hapa ndipo watu huvunjika moyo, humlaumu daktari au humtuhumu mwenzi upya. Lakini fikiri: tumeondoa kichuguu, na ngozi ya pembeni yake, laini machoni, bado ina seli za chini zenye kirusi. Zikipanda, zitapanda nacho. Tiba ya pili siyo ushahidi kwamba ya kwanza ilishindwa. Ni kusukuma siku mbele mpaka kinga ishike usukani. Kuacha sigara na, kwa mwenye VVU, kumeza dawa za kufubaza bila kukosa, ni sehemu kubwa ya tiba hiyo kuliko watu wanavyodhani.

Kondomu husaidia lakini haifuniki ngozi yote inayogusana, kwa hiyo hupunguza hatari bila kuimaliza. Kwa mjamzito, chunjua peke yake si sababu ya kupasuliwa, isipokuwa zikiwa kubwa kiasi cha kuziba njia. Mara chache sana mtoto hupata kirusi wakati wa kuzaliwa na baadaye kuota chunjua kwenye koo la sauti. Mtoto mwenye sauti ya kukwaruza isiyoisha apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Imebaki chanjo, na chanjo nayo inaeleweka kwa hesabu ya tabaka. Mwaka 1991 huko Brisbane, Australia, Ian Frazer na Jian Zhou waligundua kwamba protini za gamba la HPV, zikitengenezwa bila kirusi chenyewe, hujikusanya na kuwa gamba kamili, tupu, lisilo na DNA. Gamba hilo haliwezi kuambukiza, lakini likidungwa kwenye msuli, ambako askari wapo tele, mwili hutengeneza kingamwili nyingi kuliko zile ambazo ugonjwa wenyewe huzizalisha. Kingamwili hizo huchuruzika na majimaji ya mwili hadi kwenye ule ufa mdogo wa ngozi na kukishika kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kikishaingia, haziwezi kukifuata. Ndiyo sababu chanjo haitibu chunjua ulizo nazo leo, na ndiyo sababu hutolewa kwa wasichana wadogo.

Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007 kwa chanjo ya aina nne: 6, 11, 16 na 18. Miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 21 waliofika kliniki za magonjwa ya zinaa kwa mara ya kwanza, waliokutwa na chunjua walishuka kutoka asilimia 11.5 mwaka 2007 hadi 0.85 mwaka 2011. Vijana wa kiume wa umri huo wanaokutana na wanawake, ambao hawakuwa wamechanjwa, walishuka kutoka asilimia 12.1 hadi 2.2. Saratani huchukua miongo kuonekana. Chunjua huchukua miezi, kwa hiyo ndizo zilizotoa habari za kwanza kwamba chanjo inafanya kazi.

Rwanda ilianza mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu, na Kenya ikawafuatilia wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu kwa swali linalofanana. Kazi hizo ni miongoni mwa zilizolishawishi Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kukubali kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana. Tanzania ilihamia dozi moja mwaka 2024. Chanjo zote zinazotolewa zina 16 na 18, kwa sababu lengo la serikali ni saratani. Zipo zenye hizo mbili tu, zipo za aina nne, zipo za aina tisa, na nchi inaweza kubadili kutoka moja kwenda nyingine kufuatana na bei na upatikanaji. Yenye aina mbili haina 6 wala 11. Mzazi anayempeleka binti kuchanjwa ana haki ya kumwuliza muuguzi iliyomo kwenye boksi ni ipi, na yoyote itakayokuwa, amchanje.